Ulevi na Wajibu wa Mlevi

Kitabu cha Craig MacAndrew na Robert Edgerton, Drunken Comportment, kilichotolewa mwaka 1969, kingali kinastahili kusomwa na kila anayeandaliwa kuwa mchungaji. Waandishi wanapinga dhana iliyozoeleka kwamba pombe humwondolea mtu kizuizi cha moyo, na hivyo maovu ya mlevi hutoka katika pombe yenyewe. Wanakubali kwamba kileo hulegeza viungo na ulimi. Lakini mwenendo wa mlevi, wanasema, mtu hufundishwa na jamii yake. Watu wa Camba wa Bolivia walikuwa wakinywa kileo kikali mno hadi kupoteza fahamu, wala hawakupigana.

Sehemu yenye uzito zaidi yahusu wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Wazungu walidai kwamba watu hao wana udhaifu wa damu mbele ya kileo. Waandishi wanaonyesha kwamba wengi wao walipoonja mara ya kwanza hawakufanya fujo. Fujo walijifunza kwa wafanyabiashara Wazungu, pamoja na udhuru wake. Kwa muda mrefu sheria nayo iliwatenga: marufuku ya vileo iliyowekwa na Bunge la Marekani mwaka 1832 katika nchi zao haikulegezwa hadi mwaka 1953.

Hata hivyo tunaona mapungufu mawili. Kwanza, madhara ya mwilini yamepewa nafasi ndogo. Ni mwaka 1973 ndipo matabibu wa Marekani walipoeleza bayana jinsi kileo kinavyomdhuru mtoto tumboni. Pili, kitabu kinaeleza zaidi jinsi watu walivyojifunza kulewa kuliko walivyoacha. Mwaka 1799 Handsome Lake wa kabila la Seneca, aliyekuwa mlevi, alipata maono, akawahubiria watu wake waache pombe, na wengi wakamsikia. Toba hiyo ilitoka ndani ya jamii yenyewe.

Kwetu suala hili si la mbali. Mke anapofika kwa wazee wa kanisa akiwa amevimba uso, mara ngapi husemwa, “Si yeye, ni pombe”? Kitabu hiki kinaubomoa udhuru huo. Nasi twaongeza: asiyehesabiwa kuwa na wajibu hawezi kuungama, na asiyeungama tutamtangaziaje ondoleo la dhambi? Kumwondolea mlevi wajibu wake ni kumnyima Sheria na Injili pamoja, na kumwacha mkewe bila mtetezi.