Ufundi Ulioanikwa Uani

Nepi nzuri haianzii dukani. Inaanzia kwenye doti la kanga lililovaliwa miaka: limekwenda harusini, limefungwa kifuani jikoni, limembeba mtoto wa kwanza mgongoni. Kanga mpya haifai kwa kazi hii. Bado ina wanga wa kiwandani, imekakamaa, na maji huteleza juu yake yasiingie. Inayotakiwa ni ile iliyofuliwa mpaka jina lake linasomeka kwa taabu na nyuzi zake zimelegea. Hiyo inakunywa. Mama mtu mzima huiweka mapajani, huuanza ukingo kwa meno, kisha huichana kwa mikono miwili, na mchano hunyooka wenyewe kwa kuwa unafuata uzi. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi na upana unaozidi mita moja kidogo. Ikichanwa kwa akili hutoa vipande 6 vya mraba. Doti zima hutoa 12. Mzazi mwenye madoti matatu ya zamani ana nepi za kumtosha, na hajatoa hata senti.

Sioni haya kuusifu ufundi huu, ingawa kazi yake kubwa ni kinyesi. Bagamoyo tunawasifu wachonga milango na waunda majahazi, na tangu 1981 tuna chuo cha sanaa, siku hizi kikiitwa TaSUBa, kinachofundisha ngoma, maigizo na uchoraji. Kufunga winda, kama bibi zetu wanavyoiita nepi, hakufundishwi popote ila uani, na mwalimu wake hana cheti. Lakini mtazame akifanya kazi.

Huukunja mraba ukawa pembetatu, humlaza mtoto juu yake, huipitisha ncha ya chini katikati ya mapaja. Wa kiume huwekewa mkunjo mzito mbele. Wa kike, uzito huwa katikati na nyuma, kwa kuwa mkojo wa kila mmoja una njia yake. Kichanga ambaye kitovu hakijadondoka, ukingo wa nepi hushushwa chini ya kitovu, kipate hewa na kisilowe. Anayetumia pini hupitisha vidole viwili baina ya kitambaa na ngozi, ili pini ikikosea imchome yeye. Wengi hawaitaki pini kabisa. Hufunga fundo dogo ubavuni mwa nyonga, pasipomuumiza mtoto akilala chali wala akibebwa. Kisha mbeleko, na mama anarudi kwenye shughuli zake. Yote yamekwisha kabla jirani hajamaliza kuuliza habari za nyumbani.

Mji wetu una sababu ya kuheshimu tambara. Misafara ya karne ya 19 iliondoka hapa na marobota ya merikani, pamba nyeupe iliyofumwa katika viwanda vya Marekani, pamoja na kaniki na shanga, na huko bara nguo ilikuwa fedha: ilinunua chakula, ililipa hongo ya njia. Kanga ilikuja katika nusu ya pili ya karne hiyohiyo, Zanzibar na Mombasa. Baada ya uhuru tukaanza kujifumia, na kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kikafunguliwa 1968. Leo sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga inauzwa nje ikiwa ghafi, na kinachotungojea kwenye rafu za maduka ni pakiti za pampasi. Faida ya biashara hiyo siioni, si kwa mkulima wala kwa mtoto.

Siri ya ufundi huu, hata hivyo, haimo kwenye mkunjo. Imo kwenye unyevu. Kitambaa hakifichi kitu. Mtoto akikojoa, mapaja yake yanajua, mkono wa mama unajua, na mara nyingi mgongo wa mama unajua kabla ya vyote. Kwa hiyo mama huhesabu bila kukusudia. Wauguzi huwaambia wazazi kwamba mtoto anayenyonya vizuri, akishatimiza wiki, hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Zikipungua, huenda maziwa hayamtoshi au anaumwa. Mama wa nepi za kitambaa huisoma habari hiyo kwenye kamba. Jioni imefika na kamba ina vipande vitatu tu: leo kuna jambo. Husoma na rangi pia. Choo cha kwanza ni cheusi cha kunata, kisha hugeuka kijani, kisha manjano laini ya mtoto wa ziwa la mama. Kikija cheupe, hakuna kusubiri kesho, ni hospitali.

Pampasi za leo zina punje ndani zinazovimba na kuukamata mkojo, na juu yake utando unaobaki mkavu. Hiyo ndiyo sifa yake, na ukavu ndio ulioiuza duniani tangu Procter & Gamble walipoiingiza Pampers sokoni Marekani mwaka 1961. Mtoto halii, mama halowi, usingizi unaendelea. Lakini mkojo wa mara moja na wa mara nne ukiupapasa kwa nje huupambanui kwa urahisi, na mtoto mwenyewe hapati kujua kwamba akikojoa kuna maji yanatoka. Chombo kimetengenezwa ili watu wawili wasijue kitu, na kinaifanya kazi hiyo vizuri sana.

Wadigo, ndugu zetu wa kaskazini, kuanzia Tanga hadi kusini ya Mombasa, walikwenda mbali zaidi ya nepi. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu malezi ya Kidigo. Mtoto akiwa na wiki mbili tatu tu, mama huketi chini, hunyoosha miguu, humweka mtoto katikati ya miguu hiyo akitazama mbele, na kumtolea sauti ya “shuu”. Mtoto akikojoa hupongezwa: hunyonyeshwa, hukumbatiwa. Jambo hilo hurudiwa mara nyingi, mchana na usiku, mama akiziangalia dalili za mtoto na mtoto akizoea sauti ya mama. Ikifika miezi minne au mitano, mtoto anategemewa aisikie sauti, aukae mkao wake, akojoe. Karibu na nusu mwaka wengi wao walikuwa wakavu. Wakati huohuo madaktari wa Marekani walikuwa wakiwashauri wazazi wasianze kabla mtoto hajafikisha mwaka mmoja na nusu.

Bibi wa Bagamoyo akisimuliwa utafiti huo atauliza kwa nini umeandikwa. Kumkojoza mtoto kabla ya kumfunga winda kwake ni sehemu ya asubuhi. Wapo wanaobisha, wanasema aliyefunzwa pale ni mama, si mtoto. Nakubaliana nao kabisa. Ndilo ninalolisema tangu mwanzo: kitambaa humfanya mlezi awe mjuzi wa mtoto wake, apende asipende.

Sasa twende kwenye maji, maana hapo ndipo sifa zinapogeuka jasho. Visima vingi vya karibu na bahari, kuanzia Kunduchi na Ununio mpaka Kaole, vina maji ya chumvi, na chumvi haipatani na sabuni. Unasugua, povu halitoki, na nyuzi zinabaki na utando wa kunata. Kwa hiyo mwenye akili hugawa maji yake. Ya kisima huondoa uchafu wa kwanza. Ya bomba, au ya mvua iliyokingwa kwenye pipa, huwekwa kwa sabuni na kwa suuza ya mwisho.

Zipo kanuni ambazo fundi hazivunji. Choo hukwanguliwa chooni kwanza. Maji ya kwanza ni ya baridi, kwa kuwa moto hulipika doa likagandana na uzi. Nepi hazilowekwi siku mbili zikavunda. Sabuni ni ya mche, na zinazochemshwa huchemshwa kwenye sufuria yao, isiyopikiwa chakula. Halafu suuza, suuza, na suuza tena, mpaka maji yatoke jinsi yalivyoingia, kwa sababu sabuni iliyobaki kwenye kitambaa humwasha mtoto, na mkojo ukija juu yake ndiyo balaa. Zile dawa za kulainisha nguo na kuzipa harufu ya maua zisisogezwe karibu. Hufunika nyuzi, na nepi inayonukia vizuri lakini hainywi maji ni pambo tu.

Kuanika nako ni elimu. Jua la Pwani hufanya kazi ya dawa: manjano ya choo cha mtoto anayenyonya hufifia juani yenyewe, na tone la ndimu juu ya doa sugu huharakisha. Walio ufukweni hawaaniki upande wa bahari. Upepo huja na manyunyu ya chumvi, chumvi huvuta unyevu, na nepi iliyokauka saa nane mchana inakuwa na ubichi magharibi. Wao huanika uani, nyuma ya nyumba, mahali ambapo kuta zimekwisha kuuvunja upepo. Masika, kati ya Machi na Mei, kamba huhamia barazani au jikoni, na hapo pasi ya mkaa inachukua zamu ya jua.

Pasi hiyo si urembo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini mchangani. Mayai huangua, na funza akikutana na joto la mwili huingia ngozini na kutokeza jipu. Moto huyaua. Mwanamke anayepiga pasi kila kipande cha nepi, pindo na mishono, huonekana ana makuu. Wamwache, anajua anachokifanya.

Ngozi ya mtoto ndiyo hakimu wa yote haya. Ikiwa nyekundu, fundi hatafuti poda. Vumbi lake huingia puani na kifuani mwa mtoto, na madaktari hawaipendi. Humfungua, humwosha kwa maji matupu, humlaza uchi kwenye mkeka akapigwa na upepo, kisha humpaka mafuta ya nazi kidogo. Joto letu, ambalo hutulalamisha kila Januari, linaruhusu mtoto alale bila nguo nusu ya siku. Ulaya hawana bahati hiyo.

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na ilikuwa sawa. Pampasi haikuguswa, ingawa nayo ina plastiki, tena imebeba uchafu. Mtaa usiofikiwa na gari la taka huichoma, huizika au huitupa. Mbwa hufukua, mvua hubeba, na maji yakipwa utaikuta imenasa kwenye mizizi ya mikoko. Watasema kitambaa nacho kina gharama zake, na wana haki. Shirika la Mazingira la Uingereza lililinganisha aina hizo mbili katika ripoti za 2005 na 2008, likakuta kwamba jibu linategemea ufuaji. Mashine ya maji ya moto na mashine ya kukaushia hula umeme mpaka faida ya kitambaa inapotea. Ukianika kwenye kamba, na nepi zilezile ukamvika mtoto wa pili, kitambaa kinashinda. Kwao huo ulikuwa ushauri. Uani kwetu ndivyo inavyofanyika miaka yote.

Lakini umeme ambao hatuutumii unatoka mahali: unatoka kwenye migongo ya wanawake. Mwalimu wa Mapinga anayewahi daladala alfajiri, muuza samaki anayengojea ngalawa zirudi, mzazi aliyejifungua kwa kupasuliwa na hawezi kuinama, hawa kuwaambia wafue vipande 12 kila siku ni kuwasifu huku ukiwaua. Wengine humwachia dada wa kazi, naye kwa malipo ya kusikitisha, halafu wakajisifia kwamba wanalea kwa kitambaa. Hapo fundi ni dada, na mshahara wake useme hivyo. Pampasi ya usiku, ya safari, ya wiki ya mvua mfululizo, si dhambi. Nyumba nyingi ninazozijua huchanganya, na watoto wanakua. Ninachokikataa ni dharau, ile fikra kwamba kitambaa ni cha asiye na uwezo na kwamba anayekijua hana la kumfundisha msomi.

Basi anayekwenda kumwona mzazi wiki hii apeleke mche wa sabuni na doti la kanga kuukuu lililofuliwa vizuri. Akiona haya, alifunike kwa jipya. Na baba wa mtoto ashike ndoo ya pili. Suuza ya mwisho haihitaji maziwa ya mama.