J44: Msimbo Unaojua Sigara, Usiojua Kuni



Hapa tumezoea kuchambua riwaya na mashairi. Leo naomba niwaletee kitabu ambacho hakuna anayekisoma kwa raha, lakini kinaandika habari za wazee wetu kila wanapoingia hospitali: ICD-10-CM, orodha ya misimbo ya maradhi inayotumika Marekani tangu tarehe 1 Oktoba 2015. (Nasema "msimbo". Wengine husema "kodi", lakini kodi ni ya TRA, tusichanganye mambo.)

Nitashughulika na ukurasa mmoja tu, J44, yaani ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule unaoitwa kwa kifupi COPD. Kwa hesabu za WHO, mwaka 2021 uliua watu milioni 3.5 duniani. Si jambo dogo.

Kwanza tuupe haki yake. J44.0 ni mgonjwa mwenye maambukizi pia kwenye njia za chini za hewa, J44.1 ni hali iliyochacha ghafla, J44.9 ni ile isiyofafanuliwa. Pumu ina nyumba yake, J45, na mwenye yote mawili huandikiwa yote mawili iwapo aina ya pumu imetajwa. Kwa wanaohesabu wagonjwa na wanaolipa bili, kazi inafanyika: hospitali ya Ohio na ya Texas zinaelewana.

Sasa lawama. Chini ya J44 kuna agizo la kuongeza msimbo mwingine unaoonyesha mgonjwa alikumbana na nini. Hebu isomeni hiyo orodha. Anayetumia tumbaku, aliyewahi kuizoea, anayevuta moshi wa tumbaku wa wenzake, anayeupata kazini. Tumbaku, tumbaku, tumbaku! Kuni hazimo. Mkaa haumo. Msimbo wa kukaa kwenye hewa chafu upo, Z77.110, ila uko sura nyingine kabisa, na J44 haimkumbushi mtu kuuendea.

Atasema mtu: hayo ni mambo ya makarani, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Karani wa misimbo haruhusiwi kubuni ambacho daktari hakuandika, na daktari mwenye dakika 15 huuliza kile ambacho fomu inauliza. Mchukueni mama wa Kigoma au Uvira aliyepika kwa kuni miaka 40 kwenye jiko lisilo na dirisha, kisha akaja kuishi na wanawe Marekani. Ataulizwa, "Unavuta sigara?" Naye atajibu, pengine kwa hasira, "Mimi? Astaghafirullahi!" Basi, faili limefungwa: J44.9, hajawahi kuvuta. Maradhi yameandikwa, chanzo kimepotea. Na kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakitengewi fedha.

WHO yenyewe inasema kwamba katika nchi tajiri tumbaku ndiyo chanzo cha zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa hawa. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni asilimia 30 hadi 40, na moshi wa majumbani ni miongoni mwa vyanzo vikubwa. Maana yake ukurasa huu umeandikwa kwa kutazama mapafu ya upande mmoja wa dunia.

Wenyewe wataalamu wameliona. Ripoti ya GOLD ya 2023 iligawa ugonjwa huu kwa vyanzo, ikaupa moshi wa kuni na hewa chafu fungu lake, na maambukizi kama kifua kikuu fungu lake. ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inaruhusu kuunganisha misimbo ili kueleza zaidi. Marekani bado iko kwenye ya kumi. Na hata huko kwenye ya kumi na moja, kuruhusu kuunganisha si sawa na kukumbusha.

Tusiwalaumu wao peke yao. Kiswahili chetu nacho kina sehemu yake: kila anayebanwa kifua na kukohoa tunamwita mwenye pumu. Tukikalimani hivyo mbele ya daktari, tunamsukuma mzee kwenye J45 bila kipimo. Kipimo kipo, cha kupuliza kwa nguvu kwenye mashine: baada ya dawa ya kufungua njia za hewa, pumzi inayotoka sekunde ya kwanza ikiwa chini ya 0.70 ya pumzi yote, njia zimeziba. Msimbo haudai kipimo hicho. Sisi tukidai.

Wengi wetu ndio wakalimani wa wazazi wetu. Basi tusingoje swali. Tuseme wenyewe: amepika kwa kuni miaka kadhaa, ndani ya nyumba, aliwahi au hakuwahi kuugua kifua kikuu, na tuombe iandikwe. Daktari akishaandika, karani ana cha kusimba.

Waganga na watakwimu mliomo humu, nisahihisheni au niongezeeni.

Nawasilisha.