Kura 47 za Chimwaga

Julai 1995, katika ukumbi wa Chimwaga mjini Dodoma, Mkutano Mkuu wa CCM ulipiga kura mara mbili. Mara ya kwanza Jakaya Kikwete alipata 534, Benjamin Mkapa 459 na Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu. Msuya akatoka, wajumbe wakarudi kwenye masanduku, na safari hii Mkapa akapata 686 dhidi ya 639 za Kikwete. Mtoto wa Lupaso, Masasi, akawa mgombea urais kwa tofauti ya kura 47.

Simulizi za mwaka ule kwa kawaida huishia kwa Mwalimu Nyerere, ambaye alimtaka Mkapa na wala hakuficha. Namba zenyewe zina la kusema zaidi. Kati ya duru ya kwanza na ya pili Mkapa aliongeza kura 227, Kikwete akaongeza 105. Jumla ni 332, pungufu kidogo tu ya kura za Msuya. Tukichukulia kwamba waliowachagua wawili hao mwanzoni hawakuhama, basi katika kila wajumbe watatu wa Msuya wawili walimwendea Mkapa, na hao ndio waliompa ushindi. Kura zake mwenyewe za duru ya kwanza zilikuwa asilimia 35 hivi ya ukumbi. Waliosalia, karibu theluthi mbili, waliingia Chimwaga wakiwa na mtu mwingine moyoni.

Mshindi wa aina hiyo ayafanyie nini mawazo ya wenzake walioshindwa? Jibu langu ni kwamba ayachukue, ila Mkapa alionyesha kuwa kuyachukua kuna ufundi wake, na ufundi huo ndio ninaouona umepotea katika siasa za majimbo yetu, kuanzia Masasi penye majabali hadi Newala juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde.

Kikwete alikwenda Chimwaga akiwa Waziri wa Fedha. Wizara hiyo aliipokea mwishoni mwa 1994, wakati mbaya kuliko wote: wafadhili walikuwa wamezuia misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyotolewa holela na makusanyo yaliyovuja. Katika kipindi chake kifupi pale Hazina ilipitishwa Sheria Na. 11 ya 1995 iliyounda Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Idara tatu za kodi zilizokuwa chini ya wizara, kila moja na njia zake na mianya yake, zilitakiwa ziwe chombo kimoja chenye bodi, mishahara na nidhamu yake. Uchaguzi ulipofika, hayo yote yalikuwa bado karatasini.

Mkapa alikuwa na kila sababu ya kuyaacha hapo. Yalikuwa kazi ya mtu aliyemtangulia katika duru ya kwanza, na yeye mwenyewe alitoka Wizara ya Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, mwandishi wa habari na mwanadiplomasia ambaye hakuwahi kuishika Hazina. Lakini TRA ilifungua milango tarehe 1 Julai 1996, chini ya serikali yake, na ikawa mhimili wa miaka yake kumi. Serikali ikajizuia kutumia zaidi ya ilichokusanya. Mwaka 1998 ikaja kodi ya ongezeko la thamani. Mfumuko wa bei uliokuwa juu ya asilimia 25 mwaka 1995 ulishuka chini ya asilimia 7 alipoanza muhula wa pili, na Novemba 2001 nchi ikapata msamaha mkubwa wa madeni. Mfukoni mwa mwananchi hali ilikuwa ngumu, watu wakaiita ukapa, na huku kusini neno hilo lilitamkwa kwa uchungu uleule wa kwingine, mtoto wa nyumbani au si mtoto wa nyumbani.

Na Kikwete mwenyewe? Akapewa Mambo ya Nje, wizara ambayo Mkapa aliwahi kuiongoza mara mbili. Hapo ndipo ulipo ufundi. Mshindi alibaki na kazi ya mshindani, akampeleka mwenye kazi mahali pengine penye heshima, mahali ambapo yeye mwenyewe anapajua kona zote. Angemwacha Hazina, kila shilingi iliyokusanywa ingehesabiwa kwa Kikwete. Angemtupa nje, lile kundi la kura 639 lingekaa miaka mitano likinong'ona. Kikwete alikaa Mambo ya Nje miaka kumi, kisha mwaka 2005 akaipata Ikulu. Mei 2010 alizindua na Rais Guebuza wa Msumbiji Daraja la Umoja pale Mtambaswala, juu ya mto Ruvuma, mradi ulioanzishwa na Mkapa na Chissano, mtangulizi wa Guebuza. Watu wa Nanyumbu na Masasi wanaovuka hapo wanapita juu ya kazi iliyoanzishwa na mmoja ikakamilishwa na mwingine.

Kasoro ya mtindo huo ni moja, nayo si ndogo: hakuna aliyetamka. Sikumbuki jukwaa ambapo mgombea wa 1995 alisema hadharani kwamba hili ni la mwenzangu na nimelikubali. Ndani ya CCM huwa halisemwi kwa sababu ilani ni moja, na wazo likishaingia kwenye ilani jina la aliyelileta hufutika. Kwa urais hilo linavumilika, maana wanaojua wanajua. Kwa ubunge linaleta shida.

Mtia nia wa Newala au Masasi haingii kwenye kura za maoni na sera zake. Watia nia huzungushwa pamoja, kila mmoja hupewa dakika chache za kujieleza na kuomba kura, wajumbe wakisikiliza. Kwa dakika hizo hotuba zote hufanana: barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, kilomita 210 zilizosubiriwa kwa miongo, maji ya Mradi wa Makonde, yanayosukumwa kutoka chanzo cha Mitema kuja juu ambako hakuna mto, na korosho. Ukisikiliza vizuri, hata hivyo, kuna mmoja anayesema jambo la peke yake. Tuseme anataka hesabu za kila AMCOS, chama cha msingi cha wakulima, zibandikwe ukutani kabla ya mnada wa kwanza. Au anataka mkulima apate mkopo mdogo katika miezi ya njaa, ili asimuuzie mtu wa kangomba, mlanguzi wa shambani, korosho ambazo bado ni maua. Hiyo ni sera, hata kama imesemwa kwa dakika moja na nusu na aliyeisema akaambulia kura 30.

Baadaye jina hurudi kutoka juu, wakati mwingine si la aliyeongoza, kama ilivyotokea katika baadhi ya majimbo mwaka 2020. Ndio mwaka ambao msemo wa "wajumbe si watu" ulienea nchi nzima. Halafu inafuata shughuli ya kuvunja makundi. Walioshindwa hupandishwa jukwaani, mikono inashikwa na kuinuliwa, kila mmoja anaambiwa aseme maneno mawili, naye anasema makundi yameisha. Kofia za kijani zinapungwa. Nimewaona watu wakiondoka hapo wakiwa wameridhika kweli, na sidharau, kwa sababu jimbo lisilovunja makundi linaweza kupoteza kiti. Lakini kinachochukuliwa pale ni kura za aliyeshindwa. Ile hoja yake ya hesabu za AMCOS haiulizwi na mtu.

Mwaka 2015 ulitupa namna nyingine, ya kuchukua neno la mshindani. John Magufuli alipata kura 2,104 za Mkutano Mkuu, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Kwa hesabu hiyo hakuwa na deni kwa mtu ukumbini. Deni lilikuwa nje, kwa Edward Lowassa, aliyekatwa mapema na Kamati Kuu na tarehe 28 Julai akahamia Chadema na agenda yake ya elimu, sasa ikiwa imevikwa wimbo wa mabadiliko. CCM ikajibu kwa kuimba mabadiliko ya kweli, ikaichukua hata kaulimbiu ya Chadema, M4C (Movement for Change), na kuipachika jina la mgombea wake. Kama mbinu ya kampeni ilikuwa kali. Kama sera, neno peke yake halina fungu.

Elimu ilikwenda tofauti. Lowassa na UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, waliahidi elimu bure hadi chuo kikuu. CCM iliishia kidato cha nne, jambo lililokuwa tayari ndani ya Sera ya Elimu ya 2014, kwa hiyo ingekuwa kosa kusema limeibwa. Ushindani ndio uliolifanya lisisubiri. Novemba 2015 waraka ukatoka, Januari 2016 ada ikafutwa, na Hazina ikaanza kupeleka shuleni zaidi ya shilingi bilioni 18 kila mwezi. Wazo lilipunguzwa likatosha kwenye bajeti, kisha likalipiwa. Magufuli alishinda kwa asilimia 58 na Lowassa akapata karibu 40, na katika mkoa wa Mtwara wapinzani walichukua Ndanda, Tandahimba na Mtwara Mjini. Newala na Masasi zikabaki CCM.

Ndanda inaonyesha pia jinsi aliyeshindwa anavyoweza kuondoka haraka. Cecil Mwambe, aliyeshinda pale kwa Chadema, alimpinga Freeman Mbowe kwenye uenyekiti wa chama Desemba 2019, akaanguka vibaya. Februari 2020 alikuwa CCM, na Oktoba akachaguliwa tena kuwa mbunge wa Ndanda kwa rangi nyingine. Toka kushindwa hadi kuhama haikufika miezi mitatu.

Kuhusu korosho, mfano mkali zaidi haukutoka kwenye kura za maoni, ulitoka bungeni. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, ulikuwa ukigawanywa: asilimia 65 inarudi kuliendeleza zao, 35 inakwenda serikalini. Juni 2018 serikali ikaleta mabadiliko ya kuipeleka yote Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini, wengi wao wa CCM hiyo hiyo, wakapinga kwa sauti kubwa wakashindwa. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka kwa yeyote aliyewahi kupulizia salfa: ukiondoa fedha ya pembejeo, mkorosho utaonyesha. Msimu wa 2017/18 ulitoa zaidi ya tani 310,000, uliofuata karibu 225,000. Hali ya hewa ilichangia, na vurugu za soko la mwaka ule, serikali ikitumia jeshi na kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, zilichangia pia, kwa hiyo siwapi wabunge wale ushindi wote. Hata hivyo awamu iliyofuata ilirudisha ruzuku ya pembejeo, na msimu wa 2024/25 ukapita tani 500,000. Wazo lililoshindwa 2018 likarudi kwa mlango mwingine, likitangazwa kama jambo jipya.

Kwa mbunge, basi, kipimo ni mahali fedha ilipo. Barabara na ushuru wa korosho viko Dodoma. Kumnyang'anya mshindani ahadi ya barabara ni kunyang'anya hewa, kwa kuwa wote wawili hawana mkataba wa kusaini. Hesabu za AMCOS ziko karibu, kwa vyama vikuu, TANECU kwa Newala na MAMCU kwa Masasi, na kwa maofisa ushirika wa wilaya. Hapo sauti ya mbunge inasikika. Halmashauri ina ushuru wake wa mazao, asilimia 3 kwa korosho. Na kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao kamati yake inaongozwa na mbunge mwenyewe. Fedha yake si nyingi, lakini inatosha kujaribu wazo la mtu aliyepata kura 30 katika kata mbili au tatu, na mwenye wazo akakaribishwa siku ya uzinduzi na kutajwa kwa jina lake. Uchaguzi hufanyika Oktoba, na madiwani hupitisha bajeti zao kati ya Februari na Machi. Anayetaka kulichukua wazo la mwenzake analo dirisha la miezi minne kulipeleka kwenye vikao, kabla msimu mpya wa kupulizia haujaanza.