Kitendakazi Kinachorudisha Hesabu Nzima

Mkulima wa Nandagala, wilayani Ruangwa, huuza korosho zake kwa stakabadhi ghalani. Chama cha msingi, AMCOS, kinakusanya mzigo, unapelekwa ghalani, kisha unanadiwa chini ya chama kikuu cha Runali, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Siku ya malipo mkulima huuliza mambo kadhaa kwa mpigo: kilo ngapi, bei gani, makato kiasi gani, nimebakiwa na nini?

Namba moja haimtoshi. Ndiyo maana namvulia kofia fundi wa kanzidata anayejua kuandika kitendakazi chenye kurudisha safu nyingi. Tuseme anatumia mfumo wa PostgreSQL, na kitendakazi chake anakiita hesabu. Juu kabisa anaandika RETURNS TABLE, kisha anazitaja safu moja moja na aina zake: daraja, kilo, bei, makato, malipo. Kabla ya hesabu yenyewe kuanza, ameshaahidi atakachotoa.

Tazama jibu linavyorudi, kwa namba za mfano. Ukiandika SELECT hesabu(7), 7 ikiwa namba ya mkulima, unapata mstari uliofungwa pamoja: (kwanza,300,2500,60000,690000). Hesabu ni sahihi, ila huwezi kujua ipi ni bei na ipi ni makato. Ukiandika SELECT * FROM hesabu(7), kila namba inakaa chini ya jina lake. Aliyeleta daraja la kwanza na la pili anapata mistari miwili. Na kwa kuwa jibu ni jedwali, karani anaweza kulichuja, kulijumlisha, au kuliunganisha na orodha ya wanachama.

Umahiri uko kwenye mambo madogo. Fundi mzuri hukwepa SELECT (hesabu(7)).*, maana kitendakazi huitwa upya kwa kila safu: safu tano, kazi ileile mara tano. Ndani ya PL/pgSQL, lugha ya kuandikia vitendakazi vya PostgreSQL, huandika m.kilo badala ya kilo tupu, m ikiwa jina fupi la jedwali la mizigo, ili safu ya jedwali hilo isigongane na safu ya jibu. Kanuni ya makato huiweka mahali pamoja. Ikibadilika, anarekebisha hapo tu, na makarani wote wanapata hesabu moja.

Angeweza kurudisha malipo peke yake, na mfumo ungefanya kazi. Kuyapa makato safu yake ni kumheshimu mwenye korosho: anaona kilichokatwa, na ana pa kuanzia akitaka kuhoji.