Chapeo na Dirii: Taswira ya Vazi la Vita katika Sanaa na Lugha ya Dini

Makala haya yanakusudia kuchunguza taswira ya chapeo, yaani kofia ya chuma ya askari, katika sanaa ya dini. Swali letu la msingi ni hili: je, chapeo katika kazi ya kidini ni silaha au ni ishara ya heshima?

Mwaka 1436 Jan van Eyck alikamilisha, kwa ajili ya kanisa mjini Bruges, picha ya Bikira Maria na kasisi Joris van der Paele. Kando ya kasisi amesimama Mtakatifu Georgi, aliyevaa chuma mwili mzima. Mtakatifu huyo anainua chapeo yake anapomtambulisha kasisi kwa Bikira. Zana iliyobuniwa kuzuia pigo imegeuka kuwa chombo cha adabu. Katika sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso mambo ni kinyume: chapeo hubaki kichwani kwa sababu vita havijakwisha.

Msomaji wa Kiswahili huipokea taswira hii ya Paulo kupitia historia yake mwenyewe. Katika tafsiri ya Muungano ya 1952, vazi la kifua linaitwa dirii, neno lenye asili ya Kiarabu, na vazi la kichwa linaitwa chapeo, neno lililotokana na Kireno. Mreno humaanisha kofia ya kawaida anapotumia neno hilo. Kofia ya vita ina majina mengine katika lugha yake. Kwa hiyo ni Kiswahili kilichoipa kofia hiyo chuma.

Ikumbukwe kwamba Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, na kwamba Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Maneno yaliyoletwa na mataifa yaliyopigana ukutani pa ngome hiyo sasa yanamvika muumini mmoja. Mhakiki anayedai kwamba msamiati wa kidini wa Kiswahili una chemchemi moja tu hana budi kuujibu ushahidi huu.

Hata hivyo, upo upungufu. Katika Barabara ya Ngara, mwendeshaji wa bodaboda huambiwa avae helmeti, wala si chapeo. Neno chapeo limebaki mimbarini na vitabuni, na kwa kubaki huko limepoteza uzito wa chuma. Msikilizaji husikia utakatifu bila kuhisi pigo. Je, tulibadilishe? Kofia halifai, kwani kwa msomaji wa pwani huleta picha ya kofia ya vito, vazi la staha na ibada. Kwa kulichagua tungerudi kwenye adabu ya van Eyck na kuviacha vita vya Paulo. Helmeti, kwa upande wake, lina pigo lakini halina historia.

Kwa maoni yetu, chapeo lidumu. Linalohitajika ni ufundishaji unaomrejeshea mwanafunzi picha ya kichwa kilicho hatarini. Taswira ya wokovu haiwezi kueleweka iwapo msomaji hajui kwanza mvaaji anaokolewa kutokana na nini.