Helge Ingstad: Ukihama Chombo, Kifunge

Wengi wenu mmeitazama ile rekodi ya rada: alama mbili zinasogeleana ndani ya Hjeltefjorden, sauti za redio zinazidi kupanda, kisha kimya. Najua pia ni sekunde zipi mnazozirudia. Ni zile za kuelekea saa 10:01 alfajiri, tarehe 8 Novemba 2018, pale frigeti ya Norwei Helge Ingstad ilipochanwa ubavu wa kulia na meli ya mafuta Sola TS. Mimi sekunde hizo nimeshazichoka. Mgongano uliitoboa manowari ile. Iliyoizamisha ni amri iliyotekelezwa nusu, saa chache baadaye, chombo kikiwa kimekwama mwambani na kila mtu akiwa hai. Walikihama bila kukifunga. Nalisema mapema ili asiyekubali aanze kununa sasa hivi.

Ya darajani nayapitia mbiombio. Frigeti ilitoka kushiriki Trident Juncture, mazoezi makubwa ya NATO, ikawa inashuka kusini kwa mwendo wa noti 17 hivi, AIS yake, mfumo wa meli kujitambulisha kwa redio, ikipokea tu bila kujitangaza. Zamu ilikuwa imetoka kubadilishwa. Darajani kulikuwa na watu 7, wengine wakiwa bado mafunzoni, na manahodha wengi, kama mjuavyo, chombo huenda mrama. Sola TS iling'oka gatini Sture na taa za sitaha zinawaka hadi zikameza taa zake za kuabiria, na aliyeshika zamu kwenye frigeti akaamini kwamba mwanga ule ni wa kitu kilichosimama karibu na ufuko. Kituo cha kuongozea meli cha Fedje kiliarifiwa frigeti inaingia, kisha hakikuifuatilia. Rubani wa meli ya mafuta alipowataka wageuke kulia, walidhani wanasemezana na chombo kingine miongoni mwa vile vitatu vilivyokuwa vikipanda kaskazini. Mwaka 2023 mahakama ilimhukumu afisa wa zamu siku 60 za kifungo kilichoahirishwa.  

Twende chini ya sitaha, mahali ambapo wachambuzi wengi hawapendi kushuka kwa kuwa hakuna rekodi ya sauti.

Jeraha lilikuwa refu, makumi ya mita, kuelekea tezi. Maji yaliingia katika sehemu tatu: chumba cha jenereta cha nyuma, malazi ya mabaharia na stoo. Usukani na injini vikaacha kutii, na dakika kama 10 baadaye frigeti ikapanda mwambani yenyewe. Kikosi cha kudhibiti uharibifu kikapiga hesabu: uthabiti ni mbaya, lakini chombo kinaweza kuelea. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Ila ilikuja na sharti lililoandikwa kwenye mwongozo wao, kwamba sehemu nyingine ikijaa, chombo kihesabiwe kimepotea.

Kisha sehemu nyingine ikaanza kujaa. Shafti za rafadha za frigeti za daraja la Nansen, kama Helge Ingstad, zina uwazi ndani kama bomba, na maji kutoka chumba cha jenereta yalipita humohumo hadi chumba cha giaboksi. Kutoka hapo yakapenya kwenye mihuri ya shafti ukutani, yakaingia vyumba vya injini, cha nyuma na cha mbele. Kuta zilizochorwa kuwa ngome dhidi ya maji zilikuwa na mfereji katikati yake, na hakuna aliyekuwa chomboni aliyetegemea hilo. Hapa lawama ya usanifu ipo, tena nzito, na tume ya uchunguzi ilitoa onyo lake kabla hata mwezi haujaisha. Walioziunda, Navantia wa Uhispania, walikuwa na maswali ya kujibu.

Lakini tazameni kilichotokea kichwani mwa watu chumba cha giaboksi kilipoanza kujaa. Mwongozo ulisema kimepotea, wakauamini, na kuanzia hapo kazi ya kuokoa chombo ikageuka kazi ya kuokoa watu. Kuhama kwenyewe sikupingi. Una watu 137, ni giza, omo iko juu ya jiwe na tezi inaning'inia juu ya kina usichotaka kukipima. Nahodha anayewashusha watu wake katika hali hiyo simwiti mwoga, na waliwashusha vizuri: hakufa mtu, majeruhi wachache. Sifa yao ndiyo hiyo.

Ugomvi wangu uko kwenye amri ya pili, ile inayopaswa kufuatana na ya kwanza kama pumzi ya kutoka na ya kuingia. Milango isiyopitisha maji, vifuniko vya sitaha, matundu ya hewa: vyote vifungwe mtu wa mwisho anaporudi nyuma kuelekea ngazi. Haikutekelezwa. Kutoka mgongano hadi watu wa mwisho kushuka zilipita zaidi ya saa mbili. Kufunga hakudai umeme, hakudai pampu, hakudai injini inayotii. Kunadai mikono, orodha, na vijana waliozoeshwa kuhesabu milango gizani kwa kupapasa.

Nifafanue kwa nini nalikomalia hili, maana kuna msomaji ataniuliza mlango una nini mbele ya tundu la makumi ya mita. Sehemu zilizotobolewa zimeshapotea. Haziokolewi na mlango wowote. Vita inahamia kwenye sehemu ambazo bado ni kavu, kwa sababu hewa iliyomo humo ndiyo inayobeba tani zaidi ya 5,000 za chuma. Tezi ikishuka, sitaha ambayo jana ilikuwa juu ya maji leo inalingana nayo. Kifuniko kilichoachwa wazi hapo kinakuwa kinywa. Maji yanaingia sehemu kavu kutoka juu, uzito unaongezeka, tezi inashuka tena, kifuniko kinachofuata kinafikiwa. Mtu anayekimbia nyumba inayoungua huvuta mlango wa jikoni nyuma yake; huchukua muda wa nusu pumzi. Tume ya uchunguzi, katika sehemu ya pili ya ripoti yake iliyotoka Aprili 2021, ilipiga hesabu za uthabiti ikaona kwamba frigeti ile ingefungwa kabla ya kuhamwa, isingezama. Mtu akileta hapa hoja ya taa za Sola TS, namwomba aisome sentensi hiyo mara mbili.

Waliobaki nje wakafanya walichoweza. Tagi ziliisukuma ibaki juu ya jiwe, nyaya za chuma zikafungwa kuishikilia na ufuko. Siku zikapita, nayo ikinywa maji mbele ya kamera za dunia nzima. Alfajiri ya tarehe 13 nyaya zikakatika, ikateleza, ikabaki ncha tu juu ya maji.

Sasa wale wanaoniambia haikuwezekana, nawapeleka Ghuba ya Uajemi, tarehe 14 Aprili 1988. Frigeti ya Marekani Samuel B. Roberts, ya daraja la Perry, lile lililodharauliwa kuwa la bei rahisi, iliona mabomu ya majini ya Iran mbele yake. Nahodha wake, Paul Rinn, akawaweka watu kwenye vituo vya vita na kuanza kurudi nyuma kwa mkondo aliojia. Bomu ambalo hakuna aliyeliona likalipuka chini ya chumba cha injini. Mkuku ukavunjika, mitambo ya gesi ikang'oka kwenye misingi yake, moto ukapanda, jengo la juu likaanza kupasuka. Kwa kila kitabu cha mwongozo, meli ile ilikuwa imepotea. Wao walikuwa wamefunga kabla ya kuumia, ndiyo maana walikuwa na kitu cha kupigania. Walipambana na moto na maji kwa saa tano. Walifunga nyaya za chuma kuzunguka nyufa ili jengo lisiachane na mwili. Rinn akatambua kwamba maji ya kuzimia moto nayo yanaongeza uzito wa kuwazamisha, akageuza nguvu kwenye mafuriko kwanza. Meli ikarudi Marekani imebebwa mgongoni mwa Mighty Servant 2, ikatengenezwa, ikatumika hadi 2015.

Mtasema ile ilikuwa vita na hii ni amani. Haya, twende Aden, Oktoba 2000. USS Cole ilikuwa bandarini ikijaza mafuta, wala haikuwa vitani, ilipopasuliwa ubavu na mashua yenye vilipuzi na kupoteza mabaharia 17. Mafuriko ya kwanza yakadhibitiwa. Kisha, watu wakiwa hawana usingizi, muhuri wa shafti ukutani ukaachia na chumba kingine cha injini kikaanza kujaa. Shafti na ukuta ni kisa kilekile, angalau ndugu yake. Watu wa nahodha wake, Kirk Lippold, wakajipanga mstari wakateka maji kwa ndoo. Cole bado inahudumu.

Na msidhani nawatukuza Wamarekani. USS Fitzgerald, Juni 2017 nje ya Japani, ilikuwa na daraja la hovyo kuliko la Helge Ingstad. Makosa yake ya kuabiri yangetosha kufundishia muhula mzima. Mabaharia 7 walikufa malazini. Lakini chini ya sitaha walifunga, wakategemeza kuta, wakaipeleka Yokosuka ikiwa imelala upande. Waingereza nao mwaka 2002 waliibandika HMS Nottingham juu ya mwamba wa Wolf Rock karibu na kisiwa cha Lord Howe, aibu iliyoandikwa magazetini kote, halafu wakaipigania usiku kucha isizame. Nyumbani ilirudi imebebwa. Kuharibu darajani na kuokoa chini kunawezekana, na kumewahi kufanyika.

Tofauti yao ni mazoezi, na hapa ndipo lilipo donda langu la zamani. Kwa miaka mingi majeshi ya majini yamepunguza watu chomboni na kuongeza skrini. Frigeti za daraja la Nansen zilisanifiwa kuendeshwa na watu wachache, zikanunuliwa kwa fahari ya mfumo wa Aegis na kuwinda nyambizi. Ripoti inaeleza bila kuficha kwamba wahudumu hawakuwa na mafunzo wala uzoefu wa kutosha kwa ajali yenye sura nyingi kiasi kile. Si kosa la baharia wa miaka 20 kutokujua mlango upi ufungwe wa kwanza ikiwa hakuna aliyewahi kumzimia taa na kumwambia ufunge. Wapo wakubwa waliohesabu siku za mazoezi ya mafuriko kuwa siku za kupunguza bajeti, na hao hakuna mahakama iliyowaita.

Gharama mnazijua. Iliopolewa mwanzoni mwa 2019, ikakadiriwa kwamba kuitengeneza kungemeza kroni bilioni 12 hadi 14, zaidi ya bei ya kununua mpya, ikakatwakatwa chuma chakavu mwaka 2021. Norwei ikabaki na frigeti nne kati ya tano, kwa pwani ndefu inayopakana na Urusi huko juu. Agosti 2025 ilichagua frigeti ya Type 26 ya Uingereza kuwa mrithi wa daraja la Nansen. Vipeperushi vya Type 26 vinaimba jinsi chombo kilivyo kimya majini na jinsi sonari yake inavyosikia mbali, na sina shaka ni kweli. Bado sijaona anayeuliza, kwa kila kundi la mabaharia litakaloapishwa humo, ni usiku mara ngapi kwa mwaka litafunga meli nzima gizani, na ni nani atakayeshika saa.