Safina ya Nuhu katika Maandishi ya Kichina

Mwaka 1979 kilitolewa huko Marekani kitabu cha C. H. Kang na Ethel R. Nelson, The Discovery of Genesis, na mafundisho yake yameenea katika mahubiri mbali sana na nchi zisomazo Kichina. Waandishi hao washika neno hili, kwamba Wachina wa kale waliweka habari za Kitabu cha Mwanzo ndani ya alama za maandishi yao. Mfano ujulikanao kuliko yote ni 船, chuán, yaani chombo cha majini. Kushoto pana 舟, chombo. Kuume, juu, waona 八, nane, na chini yake 口, kinywa. Basi, wasema, ndio Nuhu na mkewe, na wana wao watatu na wake zao. Twakiri ya kuwa Wachina huhesabu watu kwa vinywa hata leo, na kwa hiyo maelezo haya humvuta msikilizaji upesi. Lakini hayasimami, na mwenye kufahamu sababu yake amefahamu nguzo ya maandishi yote ya Kichina.

Na tuchukue maneno yetu wenyewe. Kiswahili kina kaa wa pwani, na kaa la moto, na kukaa. Tuseme hatuna herufi hata moja, twaandika kwa picha tu. Kaa wa pwani huchoreka. Kaa la moto laweza kudhaniwa jiwe. Kukaa kwachoreka kwa shida. Mwandishi mwenye akili atamchora kaa wa pwani kwa maneno yote matatu, maana sauti ni moja. Kisha, ili msomaji asipotee, ataongeza moto kando ya kaa katika neno la pili, na kigoda katika la tatu. Moto na kigoda vyaonyesha maana. Kaa yule mwenye magando hana kazi pale ila kumwambia msomaji tamko. Akija mgeni baada ya miaka elfu, asiyejua Kiswahili, atafundisha kwamba watu wa pwani waliwaabudu kaa na kuwakalisha vigodani.

Ndivyo walivyofanya Wachina. Neno mā, mama, huandikwa 媽: mwanamke, 女, kando ya farasi, 馬, mǎ; wala hapana asemaye kwamba mama alifananishwa na farasi. Alama 青, qīng, ikitiwa maji huwa 清, qīng, maji safi. Ikitiwa jua huwa 晴, qíng, mbingu kutakata. Ikitiwa maneno huwa 請, qǐng, kuomba. Ikitiwa moyo huwa 情, qíng, hisia. Kamusi ya Xu Shen, iliyomalizika mwaka 100 B.K., ina alama 9,353, na zilizo nyingi sana ni za namna hii.

Turudi kwenye chombo. Upande wa kuume wa 船 si vitu viwili, nane na kinywa, bali ni alama moja, 㕣, nayo yaonekana penginepo: pamoja na maji katika 沿, yán, kufuata kando, na pamoja na madini katika 鉛, qiān, risasi. Ikiwa hao ni jamaa ya Nuhu, waliingia katika risasi kwa kazi gani? Xu Shen mwenyewe alisema kwamba sehemu hiyo ya 船 ni ya sauti, iliyofupishwa kutoka alama ya risasi. Na alipoeleza 㕣 yenyewe hakutaja nane, alitaja maji. Tena Shijing, kitabu cha kale cha mashairi, hukiita chombo 舟, si 船. Kumbukumbu ya gharika tungeitazamia katika neno la kale, si katika lile lililokuja baadaye.

Mtu atauliza, mbona chuán, yán na qiān hazilingani? Ni kwa sababu matamko yamehama, na alama zimebaki. 江, mto mkubwa, ni maji pamoja na 工. Leo Kichina cha kaskazini husema jiāng na gōng, lakini Kikantoni husema gong na gung. Chen Di (1541–1617) alifundisha kwamba sauti hubadilika kwa nyakati na mahali. Duan Yucai (1735–1815) akaonyesha kwamba alama zenye sehemu moja ya sauti zilikuwa za kina kimoja zamani.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Tangu mwaka 2005 Kichina kina taasisi yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na vijana wakisomao wamo makanisani mwetu. Kijana ajuaye qiān akisikia habari ya vinywa vinane, atashuku na mengine ya mhubiri yaliyo ya kweli.

Mfano wa pili upendwao na wahubiri ni 義, yì, haki: kondoo, 羊, juu ya mimi, 我. Hapa yatupasa kwenda polepole, kwa kuwa Xu Shen naye hakuiita 我 sehemu ya sauti. Lakini sauti ingali yasikika kwa jirani zao: Kivietinamu husema nghĩa na ngã, Kijapani gi na ga. Kondoo ni habari nyingine. Yumo pia katika 善, wema, na 美, uzuri, na anayetaka kumweleza kwa desturi za sadaka ana mahali pa kuanzia. Ila huyo "mimi" aliye chini yake aliwekwa pale kwa ajili ya tamko.